Miaka tisa ya tovuti ya ufugaji wa kuku: wasomaji wapo, mtihani ni njia ya pesa

BandaLaKihonda (mleta uzi)

Wakuu, wiki iliyopita kijana mmoja aliniuliza kama kufungua tovuti ya Kiswahili kunalipa. Nilianza kumjibu kwa ujumbe wa simu, nikaona jibu linakuwa refu kuliko swali lenyewe, nikaamua kulileta hapa ili wenye uzoefu wanisahihishe na wanaotaka kuanza wajue wanachoingia.

Ninaendesha tovuti ya ufugaji wa kuku tangu 2016, nikiwa Kihonda, Morogoro. Ni kazi ya mtu mmoja, ingawa mke wangu husoma kila makala kabla haijatoka na kufuta theluthi moja ya maneno yangu, na kwa kweli huwa sijutii. Kipato kinatoka sehemu mbili: kijitabu cha kurasa 64 kuhusu kulea vifaranga, ambacho nakiuza Sh 5,000 kama faili la PDF, na matangazo ya wauza vifaranga na vyakula vya kuku wanaonilipa moja kwa moja kwa mwezi.

Watu wengi hudhani kwamba shida kubwa ni kupata wasomaji. Mimi sikuiona hivyo. Mtu ambaye vifaranga wake wanasinzia saa tano usiku hatafuti burudani, anatafuta jibu, na akilipata kwa lugha anayoielewa atarudi na atawaambia majirani. Makala yangu inayosomwa kuliko zote haina ufundi wowote wa uandishi: ni ratiba ya chanjo, kideri siku ya 7, gumboro siku ya 14, kisha kurudia zote mbili wiki ya tatu na ya nne, pamoja na maelezo ya kwa nini maji yaliyotiwa dawa ya kuua vijidudu yanaiharibu chanjo kabla kifaranga hajainywa. Makala hiyo niliiandika kwa jioni mbili. Zile nilizozitolea jasho la wiki nzima, kwa mfano ile ya historia ya kuku aina ya kuchi, zimesomwa na watu wachache kama wageni wa arobaini.

Shida inaanzia pale msomaji anaposema, "Nakitaka hicho kitabu."

Mwanzoni niliweka namba yangu ya simu, basi. Mteja anatuma hela, ananiandikia, namtumia faili. Siku moja mwaka 2017 mteja wa Sumbawanga alituma Sh 5,000 saa nne na nusu usiku, nami nilikuwa nimeshalala. Asubuhi nilikuta ujumbe saba. Wa kwanza ulikuwa wa salamu, wa tatu ulikuwa na alama za kuuliza, wa saba ulisema, "Kumbe na wewe ni tapeli tu, Mungu anakuona." Nilimtumia kitabu, nikamrudishia na pesa yake kwa aibu, naye akanijibu kwa upole kabisa kwamba alikuwa ameshatapeliwa mara mbili mwezi huo. Sikumlaumu. Katika nchi ambayo kila mwenye simu amewahi kupokea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", unapomwambia mtu usiyemjua atangulize pesa ndipo apewe bidhaa asiyoweza kuishika mkononi, unaomba imani ambayo wengine walishaitumia vibaya kabla yako.

Upande wa pili wa shilingi ni mteja anayekutapeli wewe. Nimeletewa skrinishoti za miamala ambayo haikuwahi kufanyika, nimeletewa ujumbe wa malipo uliochapwa kwa mkono ukiwa na kosa la tahajia katika jina langu mwenyewe, na nimewahi kulipwa halafu muamala ukaombewa urudishwe kwa madai ya kukosea namba, dakika chache baada ya kutuma faili. Tangu hapo sitoi kitabu kabla ya kutazama salio, na kutazama salio mara ishirini kwa siku ni kazi ambayo hakuna aliyeniambia kwamba ni sehemu ya uchapishaji.

Baadaye nilihamia kwenye lipa namba, jambo lililosaidia kwa sababu mteja anaona jina la biashara na si jina la mtu. Lakini bei ndogo ina adui yake, nayo ni makato. Tozo ya miamala ilipoanza Julai 2021, ikiwa kati ya Sh 10 na Sh 10,000 kwa muamala kulingana na kiasi, wateja walianza kuniomba niibebe mimi. Septemba mwaka huo ilipunguzwa kwa asilimia 30, lakini mazoea ya kuomba yakabaki. Kwa bidhaa ya Sh 5,000, kila mia inayokatwa njiani inaonekana kwa macho.

Njia ya tatu ni kuunganisha tovuti na kampuni inayokusanya malipo ya mitandao yote, ili mteja alipe na faili lishuke lenyewe hata kama mimi nimelala. Huko wanataka TIN (namba ya mlipakodi), cheti cha BRELA (wakala wa kusajili biashara), leseni ya biashara na akaunti ya benki yenye jina la biashara. Sina ugomvi na masharti hayo, lakini kijana anayeniuliza kama inalipa ajue kwamba atasajili biashara nzima kabla hajajua kama kuna mtu mmoja atakayenunua. Mimi nilichukua miaka mitatu kufika hapo.

Nitaendelea na habari ya jina la tovuti, maana ndiko nilikoumia zaidi.

BandaLaKihonda (mleta uzi)

Tovuti yangu ilitengenezwa na fundi niliyeelekezwa na rafiki. Nilimpa Sh 350,000, akanunua domeini, yaani lile jina la .com, akakodi nafasi kwenye seva na kunipa neno la siri la kuingilia kuandika. Sikuuliza jina limesajiliwa kwa barua pepe ya nani. Wakati huo nisingejua hata kwamba swali hilo lipo.

Februari 2019 niliamka nikakuta ukurasa mweupe wenye matangazo ya Kiingereza. Nilidhani ni mtandao. Siku ya tatu nikampigia fundi, simu haipatikani. Nilikuja kuambiwa kwamba amepata kazi mgodini Geita na amebadilisha laini. Taarifa zote za kukumbusha kulipia jina zilikuwa zimekwenda kwenye barua pepe yake ambayo hakuwa akiifungua tena. Kwa majina ya .com, muda wa kulipia ukishapita na kampuni ikalifuta jina, kuna siku 30 ambazo mwenyewe anaweza kulikomboa kwa faini, halafu siku 5 za kusubiri, kisha jina linarudi sokoni na yeyote analichukua. Fundi nilimpata siku ya ishirini na mbili kupitia shemeji yake. Nililipa zaidi ya dola 80 kukomboa jina ambalo kwa kawaida hulipiwa kama dola 12 kwa mwaka.

Fundi yule sikumwita mwizi na simwiti mwizi leo. Alinipa maneno yote ya siri siku hiyo hiyo, na akaomba radhi. Tatizo ni kwamba mimi nilijiita mwenye tovuti kwa miaka mitatu wakati kwenye makaratasi nilikuwa mpangaji wa fundi.

SevaNaWaya

Kaka, ahsante kwa uzi. Mimi niko upande wa pili, natengeneza tovuti za wateja, hivyo naomba nitetee kidogo na nikiri kidogo. Tunasajili majina kwa barua pepe zetu kwa sababu mteja mara nyingi hana kadi ya kulipia mtandaoni, hana barua pepe anayoifungua, na anataka kazi iwe tayari Jumatatu. Ni njia ya mkato, si wizi. Hata hivyo sasa hivi mtu anaweza kutengeneza kadi ya malipo ndani ya simu yake kwa dakika tano, kwa hiyo kisingizio hicho kimeisha, na fundi anayekataa kumwandikisha mteja kama mmiliki ana sababu yake.

Swali langu: baada ya kukomboa jina, ulibadilisha nini hasa? Neno la siri la akaunti ni jambo moja, na barua pepe iliyoandikwa kama ya mmiliki wa jina ni jambo jingine.

MtuWaPwani

Mimi naomba kutofautiana na mleta uzi kwa heshima. Haya yote ya domeini na seva ni ya nini? Wateja wako wako Facebook na WhatsApp. Fungua ukurasa, fungua magrupu, uza kitabu chako, lala usingizi. Kuna mtu namfahamu anauza mbegu za mboga kwa magrupu tu na amejenga.

BandaLaKihonda (mleta uzi)

Mkuu MtuWaPwani, nilifanya unachosema, na sijaacha kabisa. Ila naomba nikueleze nilichokiona.

Ukurasa wangu wa Facebook ulikuwa na wafuasi kama elfu kumi na moja. Januari 2018 kampuni yenyewe ilitangaza kwamba itatanguliza machapisho ya ndugu na marafiki mbele ya yale ya kurasa za biashara na vyombo vya habari. Kilichofuata kwangu ni kwamba chapisho lililokuwa likiwafikia watu elfu tatu likawa linawafikia mia tatu, na pembeni yake kuna kitufe kinachokualika ulipie ili uwafikie wafuasi wako mwenyewe. Magrupu ya WhatsApp yana kikomo cha watu 1,024, na muda mrefu kabla ya kufika huko unakuwa mlezi wa ugomvi: huyu katuma picha za harusi, yule anauza viatu, wa tatu anataka kujua kwa nini swali lake la saa kumi alfajiri halijajibiwa.

Lakini nisijifanye kwamba tovuti imenikinga na hayo. Wasomaji wangu wengi wanatokea Google, na Septemba 2023 Google walipobadilisha namna ya kupanga matokeo, kwa kile walichokiita maudhui yenye manufaa, tovuti nyingi ndogo duniani zilishuka, na yangu ilikuwamo. Nilipoteza karibu nusu ya wasomaji ndani ya mwezi mmoja bila kubadilisha hata nukta. Machi 2024 wakaingiza mfumo huo ndani ya mfumo wao mkuu, na mimi nikapanda kidogo. Kwa nini nilishuka na kwa nini nilipanda, hakuna wa kumpigia simu.

Tofauti ninayoiona ni hii. Facebook iliponipunguza, sikuwa na kitu mkononi. Google waliponipunguza, nilikuwa na makala zangu 212, jina langu, na daftari la wateja karibu 1,900 walionunua kitabu na kukubali kupokea ujumbe wangu. Niliwaandikia wateja hao kwamba nimetoa sehemu ya pili, kuhusu chakula cha kuchanganya nyumbani, na mauzo ya wiki ile ndiyo yaliyolipia seva ya mwaka mzima.

Na magrupu hayo hayo ndiyo yanayoninakili. Ratiba yangu ya chanjo imezunguka bila jina langu mpaka imenirudia mwenyewe, imetumwa na mjomba wangu wa Kilosa akinishauri niisome kwa kuwa nafuga. Kuna tovuti moja iliyochukua makala zangu arobaini kwa mpigo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu 1999, lakini kwenda mahakamani kwa makala ya vifaranga ni kumtafuta mwanasheria wa bei ya banda zima, kwa hiyo nilichofanya ni kujaza fomu ya kuwaomba Google waondoe kurasa hizo kwenye matokeo yao, ukurasa mmoja baada ya mwingine, na zikaondolewa. Mwizi mwingine alinichekesha: alinakili makala yote pamoja na mstari wa mwisho wenye lipa namba yangu. Huyo nimemwacha, ananiletea wateja wawili watatu kwa mwezi.

DadaWaNyali

Nachangia kutoka Mombasa, ambako nina tovuti ya mapishi ya pwani. Sisi upande wa malipo tuna nafuu moja ambayo ndugu zetu wa Tanzania wamekuwa wakiikosa: akaunti ya PayPal ya Kenya inapokea pesa, na tangu 2018 tunaweza kuzihamishia M-Pesa. Wanunuzi wangu wa Uingereza na wa Ghuba wanalipa kwa kadi bila kunijua. Kwa upande mwingine, Sheria ya Fedha ya 2023 ilileta makato ya asilimia 5 kwa malipo ya maudhui ya kidijitali, kwa hiyo chapa fulani ikinilipa nipike kwa mafuta yao, fungu la serikali linatangulia.

Kuhusu matangazo ya AdSense, yaani yale Google wanayoyaweka kwenye tovuti yako na kukulipa, ambayo mleta uzi hakuyagusa: kwa miaka mingi Kiswahili hakikuwamo katika orodha ya lugha zao, ndiyo maana wengi wetu tulianza kuandika Kiingereza kibovu ili tukubaliwe. Mimi niliandika "how to cook biryani" mwaka mzima. Walionisoma hawakuwa watu wangu, na watu wangu hawakunisoma. Nilirudi kwenye Kiswahili, nikaona mama mmoja wa Lamu ananisahihisha kuhusu mkate wa sinia, nikajua nimefika nyumbani.

BandaLaKihonda (mleta uzi)

Dada, umenikumbusha mtandao mmoja wa matangazo niliojiunga nao 2018. Masharti yao yalikuwa kwamba nikifikisha dola 10 watanitumia barua ya karatasi yenye tarakimu za kuthibitisha anwani yangu, na nikifikisha dola 100 ndipo nilipwe. Anwani niliyokuwa nayo ilikuwa sanduku la posta la shule alikofundisha mke wangu. Nilisubiri wiki tano, nikaomba barua nyingine, nikasubiri tena. Ilikuja kugundulika kwamba barua zote mbili zilikuwa zimelala katika droo ya mhasibu wa shule, ambaye aliona jina la kampuni ya kigeni akadhani ni mambo ya mkopo, akaamua kunisitiri. Kufikisha hizo dola 100 kulinichukua miezi kumi na minne. Mfanyabiashara mmoja wa vifaranga hapa mjini ananilipa zaidi ya hapo kwa miezi miwili, na tukikutana ananisalimia.

Wateja wa nje ninao wachache. Mmoja yuko Muscat na anafuga na kaka yake Pemba. Alishindwa kunilipa kwa kadi, akamtumia kaka yake pesa Wete, kaka akanilipa kwa simu, nami nikatuma kitabu Oman ili kisomwe Oman na kirudishwe Pemba kwa WhatsApp. Kwa hiyo hata nakala moja ya PDF inaweza kusafiri baharini mara mbili.

MsomajiWaUsiku

Na habari ya leseni ya serikali ya kuchapisha mtandaoni je? Mimi niliogopa mwaka 2018 nikafunga blogu yangu ya hadithi, sikurudi tena.

SevaNaWaya

Ndugu, wengi walifunga. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2018 ziliweka ada ya maombi Sh 100,000 na ada ya leseni Sh 1,000,000 kwa mwaka, na kwa mwandishi wa peke yake hiyo ilikuwa zaidi ya mapato. Zilitungwa upya 2020 na kurekebishwa 2022, na marekebisho hayo yalipunguza mzigo kwa wasiochapisha habari na matukio. Kabla ya kurudi, soma kanuni zilizopo sasa au waulize TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwa maandishi, usitegemee neno la jukwaani, langu likiwamo. Na mleta uzi, hilo daftari la wateja 1,900 ni taarifa binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatumika tangu Mei 2023, na anayekusanya taarifa za watu anatakiwa kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Lisikae tu kwenye simu.

Halafu bado hujajibu swali langu la barua pepe.

BandaLaKihonda (mleta uzi)

La daftari nimelipokea, na sitajifanya nilikuwa nalijua.

Kijana wangu aliyeuliza kama inalipa, hesabu ni hizi. Mwezi mzuri ninabaki na kati ya laki nne na laki tano baada ya seva, bando na makato. Mwezi wa mvua, watu wanapolima, laki moja na nusu. Kuku wenyewe, 300 wa mayai nyuma ya nyumba, wananiingizia zaidi kuliko kuandika habari zao. Nisingekuwa na kuku, tovuti ingekufa 2019. Nisingekuwa na tovuti, nisingejua nusu ya magonjwa ninayoyajua, kwa sababu wasomaji ndio walionifundisha kwa maswali yao.

Picha za makala usiziweke kama zilivyotoka kwenye kamera. Picha moja ya simu ina MB nne, na msomaji wako amenunua bando la siku. Mimi nazipunguza mpaka zisizidi KB 80. Na kila unachokiandika kiwe na nakala nyumbani. Nyaya za baharini zilipokatika tarehe 12 Mei 2024 na mtandao ukazorota Afrika Mashariki, tovuti yangu, ambayo seva yake iko Ulaya, ilifunguka kwa shida siku kadhaa. Walionunua PDF waliendelea kusoma, nami niliendelea kuandika kwenye kompyuta yangu kama kawaida.

Mkuu SevaNaWaya, nimeingia kwenye akaunti sasa hivi kwa ajili ya swali lako. Jina la mmiliki ni langu. Namba ya simu ni yangu. Barua pepe ya mmiliki bado ni ya yule fundi. Tangu 2019 nimekuwa nikilipia kwa kadi yangu kila mwaka nikiamini nimemaliza. Nimejaribu kuibadilisha, na mfumo umeniambia kwamba umetuma ujumbe wa uthibitisho kwenye barua pepe zote mbili, mpya na ya zamani.

SevaNaWaya

Ndivyo nilivyohofia. Usibonyeze kitu kingine leo. Mtafute fundi kwanza, kupitia yule shemeji kama bado una namba yake, aifungue hiyo barua pepe na akubali. Akishindwa, waandikie waliokuuzia jina, uambatanishe kitambulisho na risiti za miaka yote uliyolipia kwa kadi yako. Risiti unazo?

BandaLaKihonda (mleta uzi)

Ninazo za kuanzia 2020. Ya 2019, ile ya dola 80, ilikwenda kwenye barua pepe ya fundi. Shemeji yake nimempata, anasema jamaa sasa yuko Kahama na ana mtoto wa pili. Nampigia kesho asubuhi kabla hajaingia kazini.